Shajara ya Eunos, Mtwara: mfuniko wa rejeta

Jumamosi, mwanzoni mwa Oktoba

Breki zimekwisha kutengenezwa, paa la turubai limeshonwa upya, na taa za kuchomoza sasa zinapanda zote mbili kwa pamoja. Kilichobaki kabla sijalipeleka gari hili Masasi ni mfumo wa kupoza injini. Oktoba huku kwetu jua linaanza kukaza tangu asubuhi, na msimu wa korosho nao unafunguka. Barabara ya Masasi inajaa malori, ya korosho na yale ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini, na mwenye gari dogo anatambaa nyuma yao bila upepo wa maana kuingia kwenye rejeta. Nataka udhaifu wote wa gari nijue nikiwa nyumbani Shangani, nisije nikaujulia njiani huko Nyangao.

Kwa anayeanza kusoma leo: gari ni Eunos Roadster la 1991. Ndiyo MX-5 ya Mazda, ila Japani waliiuza kwa jina hilo la Eunos. Viti viwili, usukani kulia, injini ya B6 ya lita 1.6. Bloku yake ni ya chuma na hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini, na mchanganyiko huo ndio unaonifanya niwe mkali katika habari ya joto, maana alumini ikichemshwa sana inapinda, na hedi iliyopinda huirudishi kwa kukaza nati.

Dalili nilizoziona ni hizi. Nikipaki baada ya kutoka Mikindani nasikia harufu tamu ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini) mbele ya gari. Tanki la akiba linajaa hadi linamwaga kidogo pembeni. Halafu asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tanki bado limejaa juu ya alama ya F (kimo cha juu; L ni cha chini), lakini nikifungua mfuniko wa rejeta nakuta maji yameshuka, siyaoni mpaka niiname na tochi. Kuzunguka shingo ya rejeta kuna ukoko, mweupe pembeni na wa kijani katikati.

Hiyo dalili ya asubuhi ndiyo iliyonipa njia. Gari linalovuja nje hupoteza maji kote kuwili, kwenye rejeta na kwenye tanki. Hili langu linayatoa maji likipata joto na haliyarudishi likipoa. Maji yapo, yamekaa mahali pasipo pake.

Fundi mmoja mjini alishaniambia ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, na akaniandikia orodha ya spea. Inawezekana. Lakini gasketi ya hedi ni kazi ya kufungua nusu ya injini ya gari lenye zaidi ya miaka 30, boliti zake zimekaa hapo tangu kiwandani. Kabla ya hapo kuna kifaa cha bei ndogo ambacho hakuna aliyekipima, na ndicho nitakachoanza nacho.

Jumapili

Leo sikushika spana. Nimekaa na mfuniko mkononi, gari limepoa tangu jana, nikauchunguza kipande kwa kipande. Watu wengi tunauita mfuniko kana kwamba kazi yake ni kufunika tu, wakati huu ni valvu, tena valvu mbili ndani ya kitu kimoja.

Ya kwanza ni ya presha. Kuna springi inayosukuma kisahani cha mpira kwenye kiti kilicho chini ndani ya shingo ya rejeta. Maji yakipata joto yanatanuka. Mfumo wa gari hili unabeba lita 6, na kutoka baridi ya asubuhi hadi joto la kazi lita hizo zinaongezeka kama robo lita. Robo hiyo haina pa kwenda, kwa hiyo presha inapanda mpaka inaishinda springi, kisahani kinainuka, ziada inapita kwenye kijibomba cha pembeni hadi tanki la akiba.

Ya pili ni ile ndogo ya katikati, ya vakumu. Injini ikipoa maji yanasinyaa, ndani kunakuwa na mvuto, valvu ndogo inafunguka kwa chini na kuyanyonya maji yaleyale kutoka kwenye tanki. Kila siku yanatoka na kurudi hivyo, na mwenye gari hana habari.

Sasa hiyo presha si ajali, imewekwa kwa makusudi, na hapa ndipo mfuniko unapostahili heshima. Maji ya wazi hapa Mtwara, usawa wa bahari, yanachemka nyuzi 100. Juu Newala, kwenye uwanda wa Makonde, yanachemka mapema zaidi, kama nyuzi 98. Lakini ukiyafungia kwa mfuniko wa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba juu ya presha ya hewa ya nje, maji yaleyale hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Ukiweka nusu kulanti nusu maji unafika kama 125. Ni kazi ileile ya sufuria ya presha inayoivisha maharage upesi, tofauti ni kwamba huku tunataka maji yabaki maji.

Mfuniko ukichoka, nyuzi zile za akiba zinaondoka zote. Na injini haisubiri maji yote yachemke ndipo iumie. Ndani ya hedi, karibu na valvu za ekzosi, kuna sehemu zenye joto kali kuliko sehemu nyingine. Presha ikikosekana maji yaliyoshika ukuta pale yanageuka mvuke, mvuke unataka nafasi, unasukuma maji mazima kwenda kwenye tanki. Geji ya joto kwenye dashibodi bado inakwambia mambo shwari, kwa sababu sensa imekaa mahali pengine. Mbaya zaidi, maji yakipungua sana sensa ikabaki kwenye mvuke, mshale unaweza hata kushuka. Anayetegemea mshale peke yake anaweza kuchelewa.

Kwenye injini hii jambo hili lina uzito wa ziada. B6 asili yake ni injini ya Mazda Familia, gari la kusukumwa na magurudumu ya mbele, imekaa kwa upana. Walipoilaza kwa urefu ndani ya Roadster, njia ya maji kutokea na themostati (valvu inayofunguka kwa joto na kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta) vikawekwa mbele ya injini, upande uleule yanakoingilia maji. Silinda ya nne iko nyuma kabisa, karibu na ukuta unaotenganisha injini na dereva, na ndiyo inayopata mzunguko hafifu. Mvuke ukianza mahali, naamini utaanza huko.

Jumatatu jioni

Nimekwenda kwa mzee mwenye pampu ya kupimia presha. Ni mzee wa siku nyingi, alianza ufundi kwenye malori, gereji yake ni mwembe mmoja na kontena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari gani hili linafumba macho?"

Nikamwonyesha taa zinavyopanda na kushuka. Akazitazama mara mbili, kisha akasema, "Haya, lete hicho kifuniko."

Jinsi alivyofanya nimeiandika yote kwa sababu nimeona wengine wakiruka hatua. Kwanza aliulowesha mpira kwa maji, maana mpira mkavu unaweza kuvujisha kwenye adapta ukadhani ni mbovu kumbe umekauka tu. Akaufunga kwenye adapta, akapampu taratibu akiangalia geji. Kitabu cha matengenezo cha gari hili kinataka mfuniko uachie kati ya 0.75 na 1.05. Wetu ulifika 0.3 na ushei, ukaanza kupumua, sauti nyembamba ya hewa, mshale ukateremka hadi chini bila kusita. Akaufungua, akaulowesha tena, akarudia. Ukafanya vilevile.

Hakuishia hapo, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Akafunga pampu kwenye shingo ya rejeta yenyewe, akapandisha hadi 1.0, akaiacha. Tukazungumza habari za bei ya korosho ghafi mnadani. Tuliporudi mshale ulikuwa pale pale. Maana yake rejeta, hosi, na rejeta ndogo ya hita havivuji nje.

Kisha akaitoa presha yote, akaniambia niwashe injini pampu ikiwa bado imefungwa. Gasketi ya hedi ikiwa imekatika kati ya silinda na njia ya maji, moto wa silinda unaingia kwenye maji na mshale unaruka ndani ya sekunde chache hata injini ikiwa baridi. Wetu ulikaa chini, ukaanza kupanda polepole kadiri injini ilivyopata joto, kama inavyotakiwa. Hakuna kuruka, hakuna kutetemeka. Akaachia presha kwa valvu ya pampu, kidogo kidogo.

"Hedi yako nzima," akasema. "Nenda katafute kifuniko."

Nilitaka kumlipa ya upimaji akapokea nusu, nusu akasema nitalipa siku nikimletea gari lirudiwe kupimwa.

Nyumbani nimeutazama mfuniko wa zamani chini ya taa. Kwenye mpira mkubwa kuna mfereji wa duara, umechimbwa na ukingo wa kiti cha shingo kwa miaka yote hiyo. Nimebonyeza kwa ukucha, hauachi alama, mpira umekauka ukawa mgumu. Upande mmoja una ufa mdogo unaoonekana ukiukunja tu. Ile valvu ndogo ya katikati imegandishwa na chumvi ya kulanti. Niliivuta kwa ncha ya ukucha ikaja, nikaiachia, ikabaki hapo hapo ilipo. Na mpira wa juu, ule mwembamba chini ya bati la nje ambao watu hawautazami kabisa, umekatika robo ya duara.

Kila mmoja una ugonjwa wake. Mpira mkubwa ukichoka, presha haikai. Valvu ya vakumu ikiganda imefunga, injini ikipoa hosi ya juu inabonyea kama imefinywa. Mpira wa juu ukikatika, mfumo ukitaka kunyonya maji kutoka kwenye tanki unanyonya hewa ya nje, kwani hewa ni nyepesi kuivuta kuliko maji. Hiyo ya mwisho ndiyo jibu la swali langu la asubuhi, tanki limejaa na rejeta ina upungufu.

Namba kwenye bati ilikuwa imefutika. Nimesugua chaki juu yake nikaipangusa, ikasomeka: 0.9.

Jumatano, madukani

Nimezunguka maduka ya spea mjini na mfuniko wa zamani mkononi. Usiende bila huo. Mifuniko ya Kijapani ina mipira ya upana wa aina kuu mbili, na hata upana ukilingana, urefu wa mguu, yaani kutoka bati la juu hadi mpira mkubwa wa chini, unaweza kutofautiana. Mguu mfupi haufiki kwenye kiti, springi haisukumi chochote. Mguu mrefu unaibana springi kupita kiasi na presha inakuwa kubwa kuliko iliyoandikwa. Yote miwili itajifunga vizuri kwa juu na kukudanganya.

Kijana wa duka la kwanza alikuwa mchangamfu, akaniletea mfuniko mwekundu unaong'aa.

"Dada, chukua huu wa 1.3. Huu ni wa mashindano. Presha kubwa, gari halichemki maisha."

Nikamwambia asante mdogo wangu, lakini hapana, na nikamweleza sababu, naye akasikiliza vizuri. Presha unayoiongeza kwenye mfuniko haibaki kwenye mfuniko. Inabebwa na kila kitu: hosi, klipu, rejeta ya hita, sili ya wota pampu. Rejeta ya gari hili bado ni ileile ya plastiki juu. Plastiki hiyo ikiwa mpya ni nyeusi, ikizeeka inageuka kahawia, na yangu imeshakuwa kahawia upande wa hosi ya juu. Kuipa 1.3 rejeta ya hivyo ni kuchagua wapi gari litapasuka. Hata 1.1 sikuitaka. Kiwanda kiliandika 0.9, na kwa 0.9 mfumo mzima una uwezo wa kufanya kazi kwenye joto letu, ukiwa mzima.

Jambo la kusaidia wanaotafuta: mifuniko mingine haiandikwi 0.9, inaandikwa 88, kwa kilopaskali. Ni kitu kilekile. 108 ni 1.1, na 128 ni 1.3. Nimeona mtu akirudisha mfuniko sahihi dukani kwa kudhani 88 ni namba ya gari jingine.

Mjini sikupata wenye mguu sawa na wangu. Uliokuwa karibu ulikuwa na mpira sawa lakini mguu mfupi kwa kuangalia kwa jicho tu. Nimempigia jamaa wa spea Gerezani, Dar, nikamtumia picha za mfuniko wa zamani ukiwa umewekwa kwenye rula, juu, ubavuni na chini. Amepata wenye namba ya Mazda yenyewe. Utakuja kwa basi.

Alhamisi, kuhusu themostati

Nikisubiri mzigo, nieleze kitu kimoja kwa sababu jirani ameniuliza leo na nimeulizwa hivyo na wengi. "Si ung'oe tu themostati, huku joto, ya nini?"

Siing'oi. Themostati ya gari hili inaanza kufunguka karibu nyuzi 88, na injini imebuniwa ikae juu ya hapo. Ukiing'oa, kompyuta ya injini inaendelea kudhani bado ni baridi, inamimina petroli ya kuamshia. Oili haipati joto la kukausha unyevu wake. Na kama gari lina tatizo la mfuniko, kung'oa themostati kunalificha tu. Siku ya mlima mrefu na mzigo litarudi, na wakati huo litakuwa limekula vingine.

Vivyo hivyo kwa maji matupu. Watu wanasema kulanti ni ya nchi za barafu. Kuzuia barafu ni kazi yake moja. Kazi nyingine ni kuzuia kutu, na injini yenye bloku ya chuma na hedi ya alumini ndani ya maji yaleyale inahitaji kinga hiyo kuliko injini nyingi. Ukiongeza na maji ya kisima cha pwani yenye chumvi, unaitengenezea alumini yako kaburi. Mimi nachanganyia maji ya betri, yale yaliyosafishwa ya kuongezea kwenye betri. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri nayo inakaa kwenye rafu ileile.

Jumamosi, kufunga

Mfuniko umefika. Kwanza nimeuweka mezani kando ya wa zamani: mguu urefu sawa, mpira mkubwa upana sawa, maandishi 0.9 yamechapwa kwa kina si kwa rangi. Valvu ya katikati nimeivuta, ikaja laini na kurudi yenyewe kwa kishindo kidogo. Mpira unabonyea kwa ukucha na kurudi. Shilingi 15,000 pamoja na nauli ya basi, na nimeridhika nayo.

Gari limelala bila kuwashwa tangu jana. Hili silifanyii mzaha. Mfuniko haufunguliwi injini ikiwa moto, hata kwa tambara, hata kidogo. Maji ya nyuzi 110 yaliyozuiwa na presha hayasubiri umalize kuzungusha. Presha ikiondoka yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Nimemwona mtu mwenye kovu la hivyo kutoka kidevuni hadi kifuani.

Shingo ya rejeta imenichukua muda kuliko kitu kingine chochote leo. Mfuniko mpya juu ya kiti kichafu ni pesa ya bure. Ukoko nimeulainisha kwa maji ya uvuguvugu na tambara, nikauacha, nikarudia, kisha mswaki wa zamani kwa kiti cha ndani. Bisibisi na msasa havikuingia kabisa. Shingo hii ni ya plastiki, na mkwaruzo mmoja kwenye kiti ni njia ya kudumu ya presha kutorokea. Nilipomaliza nimepitisha kidole kuzunguka kiti chote mpaka nikaridhika kwamba hakuna kinachokwama. Masikio mawili ya shingo, yanayoshikwa na mfuniko, nayo nimeyaangalia. Hayana ufa.

Kisha hosi nyembamba ya kwenda tanki la akiba. Watu wanaisahau, na ndiyo barabara ya maji kurudi. Mwisho wake wa upande wa shingo ulikuwa umepasuka kwa urefu. Nimekata kipande kilichopasuka, hosi bado inatosha, nimeweka klipu mpya. Ndani ya tanki nimehakikisha mdomo wake uko chini karibu na sakafu ya tanki, chini ya maji daima. Mdomo ukiwa juu ya maji, mfuniko mzuri kuliko yote duniani utanyonya hewa.

Tanki lenyewe lilikuwa na tope la kahawia chini. Nimelitoa, nimelitikisa na maji na mchele mbichi kidogo, nimelisuuza mpaka likaangaza.

Kujaza: pua ya gari nimeiweka juu, barabara yetu ya nyumbani ina mwinuko wa kutosha, ili shingo iwe mahali pa juu kuliko pengine pote na hewa ipande huko. Hita nimeifungulia mwisho wa moto ili maji yapite na huko. Nimemimina polepole, huku nikiifinya hosi ya juu kwa mkono, na kila nilipoifinya mapovu yalitoka, kiwango kikashuka, nikaongeza. Nikawasha mfuniko ukiwa wazi, injini ikiwa bado baridi, ikanguruma taratibu. Themostati ilipofunguka niliiona: maji kwenye shingo yaliyokuwa yametulia yakaanza kutembea, kiwango kikashuka ghafla, nikajaza hadi juu. Nikafunga mfuniko, kubonyeza na kuzungusha mpaka masikio yakagota. Tanki nimelijaza katikati ya L na F, si zaidi, kwa sababu ile robo lita inahitaji nafasi.

Jumapili, majaribio

Mtwara hadi Mikindani, kushuka kilima, kugeuza kwenye ghuba, kupanda tena. Saa saba mchana kwa makusudi.

Nina kipimajoto cha mwanga, cha kuelekeza. Tahadhari kwa wanaokitumia: ukielekeza kwenye alumini inayong'aa kinasoma chini kuliko ukweli. Mimi nimebandika kipande cha utepe mweusi kwenye nyumba ya themostati na napima hapo hapo kila mara. Baada ya kupanda kilima nilisimama, injini ikinguruma: 93. Nikasubiri, ikapanda hadi 97, feni ikawaka, ikashuka hadi 90, feni ikazima. Ndivyo hasa inavyotakiwa.

Hosi ya juu nimeishika kwa tambara. Wiki iliyopita ilikuwa inafinyika hata ikiwa moto. Sasa imekaza, ina presha ndani. Hakuna harufu. Chini ya gari pakavu. Tanki lilikuwa limepanda hadi karibu na F na kusimama hapo.

Jumatatu alfajiri

Tanki limeshuka kurudi katikati ya L na F. Nimefungua mfuniko, injini ya baridi: maji yamejaa hadi mdomo wa shingo, yanagusa mpira. Yalitoka, yakarudi. Nimempigia mzee simu kumweleza, akasema, "Sasa ufunge, usiwe unakichungulia kila siku, utakichosha."

Mwisho wa Oktoba

Masasi, kwenda na kurudi, kama kilomita 200 kila upande. Nimepita Mikindani, Mingoyo, Mtama, Nyangao, Ndanda. Kabla ya Nyangao tulikwama nyuma ya msafara wa malori ya makaa, mwendo wa baiskeli, jua la utosi, na mbele yangu ukuta wa moshi na joto la ekzosi. Feni iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Mshale haukupita mahali pake, chini kidogo ya katikati. Ndanda nilisimama kivulini, nikapima kwenye utepe mweusi, 95. Tanki karibu na F, halijamwaga tone.

Mzee nilimpelekea gari niliporudi, akaurudia ule upimaji na kupokea nusu yake ya pili. Mfuniko mpya uliachia kwenye 0.9 kamili.

Kilichobaki ni rejeta yenyewe. Ule ukahawia umeanza kufika kwenye mshono wa plastiki na alumini, na presha sahihi inayokaa sasa ni mzigo ambao plastiki hiyo haijaubeba kwa muda mrefu. Nimeagiza ya alumini tupu, na nimemwomba muuzaji anipigie picha ya shingo na rula ndani yake kabla hajaituma, ili kina kilingane na mguu wa mfuniko nilionao. Hosi za juu na chini zitabadilishwa siku hiyohiyo, kwa kuwa maji yatakuwa yameshamwagwa.